Kiti kilichofungwa kwa bolti: kwa nini mwili unazikumbuka mashine za gemu zenye chumba cha rubani

Mjomba wangu alikuwa dereva wa lori, safari za Dar es Salaam kwenda Tunduma, na mara moja tu nilimwona akicheza gemu. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ghorofa ya juu ya jengo moja la maduka katikati ya jiji. Palikuwa na mashine ya mbio za magari: kiti cha plastiki, usukani, gia ya mkono, pedeli chini na kioo kikubwa usawa wa macho. Unanunua tokeni dirishani, unaitumbukiza, unasikia injini ikiwaka chini ya makalio yako. Nilicheza mimi kwanza, nikaishia ukutani. Mjomba akaketi, akavuta kiti mbele, mkono wake ukaenda juu kutafuta kioo cha kutazamia nyuma ambacho hakikuwepo. Ilipokuja kona ya kwanza nikamwona analala nayo, mwili mzima, kama abiria wa basi linaloshuka Kitonga. Kiti chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa bolti sakafuni.

"Mjomba, mbona unainama?"

"Linanivuta, mjomba."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameendesha magari mazito miaka ishirini, na mwili wake ulikuwa unamwambia kwamba gari lisilokuwepo linamvuta kuelekea nje ya kona. Tangu siku hiyo nimecheza gemu nyingi, nyingine zina picha safi kiasi kwamba unaona tone la mvua likiteleza kwenye kioo cha gari, na hakuna hata moja iliyonivuta hivyo nikiwa kwenye kochi. Nikiwasimulia rafiki zangu wanasema ni utoto tu, kila kitu cha utotoni ni kitamu. Utoto una sehemu yake, sikatai. Ila mjomba hakuwa mtoto.

Wanaozililia mashine hizi, za hapa na za ng'ambo, mara nyingi wanachanganya vitu viwili tofauti. Kuna mashine zilizokuwa zinautikisa mwili: zinainuka, zinalala, nyingine zinakupindua kichwa chini. Na kuna zilizokaa kimya kama kabati, zikakufungia ndani gizani na kukukabidhi swichi, halafu zikakuunganisha kwa kebo na watu wengine waliofungiwa kama wewe. Zote tunaziita za chumba cha rubani, lakini kila moja inamdanganya mchezaji kwa njia yake, na ninavyoona mimi ile ya pili ndiyo iliyofika mbali zaidi.

Asili ya mashine hizi ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Edwin Link alikulia katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda, mjini Binghamton, jimbo la New York. Kinanda cha aina ile hulia kwa hewa inayosukumwa na mivukuto, na Link alielewa mivukuto vizuri. Mwaka 1929 alikamilisha kijindege cha mbao kilichokaa juu ya mivukuto hiyo: ukivuta usukani, hewa inaingia upande mmoja na kutoka mwingine, kijindege kinainama kama kinavyoinama angani. Alitaka kufundishia marubani. Jeshi halikumsikiliza, na wateja wake wengi wa mwanzo wakawa wenye viwanja vya burudani, watu wakilipa ili wakalie ndege isiyoruka. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, marubani wakafa mmoja baada ya mwingine kwenye mawingu na ukungu, na ndipo likanunua mashine 6. Kufikia mwisho wa Vita Kuu ya Pili zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 10,000.

Ninaipenda habari hii kwa sababu inageuza mambo. Wengi hudhani mashine za gemu ziliiga mitambo ya mafunzo ya marubani, na kumbe mtambo wa kwanza wa maana ulilishwa na pesa za watu waliokuwa wanajiburudisha. Mitambo ya leo, ile iliyosimama juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika kama iliyopo chuo cha Ethiopian Airlines kule Addis Ababa, na kile kiti cha plastiki alichokalia mjomba, ni ukoo mmoja.

Sasa huo mvuto unatoka wapi? Jibu limo sikioni.

Ndani kabisa ya kila sikio mna mifereji mitatu iliyopinda nusu duara, imejaa majimaji. Ukigeuza kichwa, majimaji yanachelewa kidogo kufuata, na ubongo unausoma uchelewaji huo kama mzunguko. Jirani na mifereji kuna vifuko viwili vyenye chembe ndogo sana za chokaa zilizolala juu ya vinyweleo laini. Basi likiondoka kwa nguvu, chembe zinabaki nyuma, vinyweleo vinainama, nawe unajua kwamba unasukumwa. Mwendo ukishatulia, vifuko vinanyamaza. Panda treni ya SGR ya Morogoro, subiri itulie kwenye kilomita 160 kwa saa, ufumbe macho: ukiacha mtikisiko mdogo, sikio litakuambia umekaa sebuleni kwako.

Hapo pana mwanya. Zile chembe za chokaa haziwezi kutofautisha kusukumwa mbele na kuegemezwa nyuma, kwa sababu katika hali zote mbili zinateleza upande uleule. Kwa hiyo mashine inakuegemeza nyuma, taratibu, chini ya kasi ambayo mifereji ya majimaji inaweza kuigundua, na kioo kinaegemea pamoja nawe. Macho yanasema hatujainuka, upeo uko palepale. Chokaa inasema tunasukumwa. Ubongo unawapatanisha mashahidi hao wawili kwa jibu moja tu linalowezekana: tunaongeza kasi. Ukiegemezwa nyuzi 20, mgongo wako unabeba kama theluthi ya uzito wako, na hiyo ni sawa na kukaa ndani ya gari linalotoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa kwa sekunde nane hivi. Yote hayo mashine haijasogea hata hatua moja.

Kampuni ya Sega ya Japani ndiyo iliyoupeleka mwanya huu kwa watu wa kawaida, chini ya mbunifu wake Yu Suzuki. Hang-On ya 1985 ilikuwa pikipiki nzima unayoipanda na kuilaza kwa mwili wako. Ikaja Out Run mwaka 1986, gari linaloyumba, kisha After Burner mwaka 1987, kiti cha ndege ya vita kinachokulaza huku na huku. Mwaka 1990 wakatoa R360, mpira wa chuma unaozunguka pande zote hadi unaning'inia kichwa chini, umefungwa mikanda kama mzigo. Namco, kampuni nyingine ya Japani, nao mwaka 1993 walichukua gari halisi la Mazda, wakaliweka mbele ya skrini kubwa, wakakuambia ingia uendeshe. Hakukuwa na namna ya kuupeleka nyumbani ujinga mtamu kama huo.

Lakini kiti cha mjomba hakikuyumba. Yeye alivutwa na nini?

Alivutwa na macho. Bila shaka yameshakukuta: umekaa ndani ya basi stendi ya Mbezi Luis, basi la jirani linaanza kurudi nyuma, na kwa nusu sekunde mguu wako unatafuta breki kwa sababu una hakika ni lenu linalokwenda mbele. Katika uwanja wa macho yako, kitu kikubwa kikisogea chote kwa pamoja, hasa pembeni, ubongo huamua kwamba anayesogea ni wewe. Kinachouzindua ni ushahidi mwingine: nguzo iliyosimama, muuza maji anayepita, sakafu ya stendi. Mashine yenye chumba cha rubani inamaliza ushahidi huo. Inakufunika kwa paa na kuta, inaweka giza, inajaza macho yako na barabara. Halafu inaweka spika ya mabesi chini ya kiti, maana mngurumo mzito husikika kwa mifupa na si kwa masikio tu. Mwili ukishakubali kwamba barabara inapinda, misuli inajiandaa kwa kona yenyewe. Dereva mzoefu ndiye anayedanganyika zaidi, kwa kuwa misuli yake inazijua kona nyingi kuliko yangu.

Jambo hili linaeleza pia kwa nini miwani ya kuvaa kichwani, inayofanya uone dunia nyingine pande zote, haijaziba pengo. Mashine za miwani ziliingia kwenye kumbi za burudani tangu 1991, za kampuni ya Uingereza iitwayo Virtuality, na za leo ni bora mara nyingi zaidi. Bado wapo wanaovua baada ya muda mfupi wakiwa na kichefuchefu, kwa sababu macho yanakimbia na sikio linasema tumesimama. Ukiwekwa ndani ya chumba cha rubani, hata cha kuchorwa tu ndani ya miwani, kichefuchefu hupungua. Dashibodi, fremu ya dirisha na magoti yako ni vitu visivyosogea ambavyo ubongo unavishikilia. Baharia mgeni anayetapika ndani ya boti huambiwa atazame upeo wa bahari kwa sababu hiyohiyo.

Sasa nije kwenye ile aina ya pili, na hapa nitakaa kidogo.

Jordan Weisman alipita katika chuo cha Marekani cha maofisa wa meli za biashara, akaiona simyuleta, yaani mtambo wa mafunzo, inayoiga daraja la nahodha, pale meli inapoongozewa. Ni chombo cha namna ile ambayo maofisa wa meli hufundishiwa hata hapa Dar es Salaam, katika Chuo cha Bahari, DMI, pale Barabara ya Sokoine. Akili yake ikagota kwenye wazo moja: itakuwaje simyuleta nyingi zikiunganishwa, na kila meli unayoiona mbele yako iwe na mtu ndani? Kompyuta za wakati huo zilikuwa ghali mno. Mwaka 1980 yeye na Ross Babcock wakaanzisha kampuni ndogo ya michezo ya mezani, FASA, wakauza vitabu na michezo ya karatasi kwa miaka. Mchezo mmojawapo ulikuwa wa roboti wakubwa wa vita wenye miguu, unaendeshwa na rubani aliyekaa ndani. Mwaka 1990, katika jengo la North Pier mjini Chicago, wakafungua kituo: safu ya vyumba vya rubani vilivyofungika, vimeunganishwa kwa kebo, kila kimoja roboti mmoja.

Vyumba vile havikusogea. Picha zake zilikuwa pembetatu za rangi bapa ambazo mtoto wa leo angezicheka. Na watu waliocheza humo wakiwa vijana wanavizungumzia mpaka sasa kama mtu anavyozungumzia jeshi alilotumikia.

Nimelifikiria sana hili, na ninaamini siri ilikuwa katika mpangilio wa saa nzima, maana pambano lenyewe lilichukua dakika kumi hivi. Hukutumbukiza sarafu na kuanza. Ulijiandikisha, ukachagua jina la kirubani, ukaingia chumba cha maelezo pamoja na wenzako na wapinzani wako mkaelezwa kazi. Kisha ukapelekwa kwenye chumba chako, mlango ukafungwa. Ndani mlikuwa na fimbo ya kuongozea, pedeli, skrini zaidi ya moja na swichi nyingi, na swichi zile zilifanya kazi kweli. Ukifyatua mizinga mfululizo roboti anapata joto, joto likizidi anajizima, nawe unabaki gizani ukisubiri huku mtu anakujia. Anayejua kugawa silaha zake na kupoza injini alimshinda mwenye vidole vyepesi. Mlipotoka mlitazama pambano upya kwenye skrini na kupewa karatasi iliyochapwa: nani alimpiga nani, lini, kwa silaha gani. Baadaye wakaongeza mbio za vyombo vya kuelea ndani ya mifereji ya sayari ya Mirihi, chini ya jina Virtual World, na vituo vikaenea miji mingine ya Marekani na hadi Japani.

Ile karatasi naielewa vizuri, ingawa sijawahi kuishika. Mtu aliyekupiga alikuwa amesimama mita mbili kutoka kwako, jasho linamtoka, na mlikuwa na ushahidi mkononi wa kubishania.

Waliokulia kwenye mabanda ya gemu ya Dar es Salaam wanaijua hali hii kwa upande wao. Sinza, Temeke, Mbagala, Manzese, kila mtaa ulikuwa na banda: televisheni mbili tatu, PlayStation zilizochoka, benchi la mbao, feni isiyotosha. Gemu ni ya mpira, anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki na pedi, na walio benchi nyuma wanatangaza mechi kama redioni. Picha na sauti vilikuwa duni kuliko mashine ya lile jengo la maduka. Kilichokuwepo ni mtu. Hata bingwa wa mtaa alijulikana, na mtoto wa shule akimfunga, habari ilifika kwao kabla yake. Kwa hiyo ninaposema tunakikumbuka chumba cha rubani, nasema banda lilikuwa na nusu yake moja na mashine ya jengoni ilikuwa na nusu nyingine: moja ilikupa mtu wa kushindana naye, nyingine ikaushawishi mwili. Chicago walizikutanisha nusu mbili hizo ndani ya chumba kimoja.

Basi kwa nini vilikufa?

Hesabu yake ni ya kikatili. Kiti kimoja humchukua mtu mmoja. Pambano la dakika kumi, ukiongeza maelezo, kuingia, kutoka na kupewa karatasi, linakupa mizunguko michache kwa saa. Kiti kinakula eneo la sakafu ambalo mwenye jengo analitoza kwa mita ya mraba, kinahitaji mtumishi anayekiongoza na fundi anayekifungua swichi zikigoma. Banda la Manzese, kwenye eneo la kiti kimoja cha aina hiyo, linaweka televisheni, wachezaji wawili na benchi la watu sita wanaosubiri zamu na kununua maji ya kandoro.

Mashine kubwa ziliweza kuishi na hesabu hiyo kwa muda mrefu kwa sababu zilikuwa mbele ya nyumbani kwa mbali. Sega walipotengeneza mtambo wao uliokuja kuendesha Daytona USA, gemu ya mbio za magari, walitumia teknolojia ya picha iliyotoka kwa watengenezaji wa simyuleta za kijeshi za Marekani, na viti vinane viliweza kuunganishwa kwenye mbio moja. Hakuna sebule iliyokuwa na kitu hicho. Mwaka 1994 PlayStation ikatoka Japani, na ile tofauti ikaanza kupungua kila mwaka. Kisha intaneti ikaichukua hata kebo: kompyuta ya nyumbani ikaweza kukukutanisha na mpinzani aliye bara jingine bila kulipa kodi ya jengo. Mwaka 1999 Microsoft wakainunua kampuni iliyobeba gemu za wale roboti. Walitaka gemu za kompyuta, na vyumba vya rubani vikaenda njia nyingine. Vichache bado vinawashwa na wapenzi wake kule Marekani, wanaochomelea na kutafuta vipuri vya miaka ya 1990 kwa fedha zao.

Hapa kwetu palikuwa na mizigo ya ziada: mashine inakuja kwa meli, imetumika, ubao wake ukiungua hakuna wa kuuziwa kipuri, na katika miaka ya mgao wa umeme kiti kinazimika katikati ya kona. Dar es Salaam tumeshaona burudani zinazohitaji mahali zikiondoka. Sinema ya Drive-in ya Msasani, ambako familia zilitazama filamu zikiwa ndani ya magari, kiwanja chake leo ndipo ulipo ubalozi wa Marekani. Filamu hazikupotea, kila simu inazo. Kilichopotea ni kule kutoka nyumbani, na hicho hakipakuliki.

Mwaka jana niliamua kujaribu kwa mikono. Fundi wa Keko, amezoea kutengeneza makabati, alinitengenezea sanduku la mbao lenye paa, urefu wa mtu aliyeketi, rangi nyeusi ndani. Aliniuliza mara mbili kama ni la kufugia kuku. Kiti ni cha gari dogo lililogongwa. Usukani niliununua umetumika, una mota ndani inayoupinga mkono wako kwenye kona. Kioo kiko karibu sana na uso kuliko ninavyokiweka sebuleni, kimejaza macho hadi pembeni, na fremu ya mbao mbele yake nimeiacha ionekane kwa makusudi, ili ubongo uwe na kitu cha kushika. Spika ya mabesi nimeifunga kwa skrubu chini ya kiti. Bila spika ile, sanduku ni sanduku. Nikaiwasha, mke wangu akasikia vikombe vikicheza kabatini.

Mjomba amestaafu, yuko Kimara, magoti yanamsumbua. Alikuja Jumapili moja tukamsaidia kuingia. Aliendesha kama dakika tano, taratibu mno, akipewa taa na kila aliye nyuma yake. Alipotoka alisema breki ni laini kupita kiasi, kisha akauliza hao wengine barabarani ni akina nani. Nikamwambia ni kompyuta.

"Zote?"

"Zote, mjomba."

Akaguna, akaomba chai.

Kebo ya mita kumi nimeshainunua, imening'inia ukutani. Fundi wa Keko anasema sanduku la pili litakuwa tayari mwisho wa mwezi.